Swali la Nne

Goma, Majengo
Tarehe 28 mwezi wa sita 2025

Mama Mudogo Léonie,

Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Kanisani, wakati wa maombi, watu wote wanapofunga macho, mimi nayafungua.

Nimefanya hivyo tangu mwaka jana. Naona mjusi anavyotembea kwenye mbao za dari. Naona Mama anavyokaza kitenge chake. Lakini hasa namwangalia Baba. Unajua anakaa mbele, kwenye benchi la mashemasi. Akiomba, uso wake ni wa mtu anayezungumza na mwingine aliye karibu naye sana. Mimi natazama pembeni yake kama nitaona kitu. Sioni. Nikitafuta ndani yangu, huko pia sipati. Sina hasira na Mungu. Sijui tu kama namjua, na naogopa kusema namjua.

Jambo hili lisingekuwa na haraka, lakini nimemaliza shule, nina miaka kumi na minane, na jina langu liko kati ya wale watakaobatizwa tarehe 17 mwezi wa nane. Baba ndiye aliyelitoa. Alifika nyumbani akasema, "Alliance, nimekusaidia, nimekuandikisha," kama mtu aliyenishikia nafasi kwenye foleni ya maji. Mama alipiga vigelegele. Unanijua. Hata sokoni nashindwa kusema kwamba bei ni kubwa.

Kabla ya ubatizo, Jumamosi tarehe 9, kila mmoja wetu atasimama mbele ya kanisa na shemasi atamuuliza maswali manne. Matatu yanajibiwa ndiyo: unaamini, umetubu, utamfuata Yesu. La nne ni hili: "Kuna mtu amekulazimisha kuja kwenye maji haya?" Hilo linajibiwa hapana. Rafiki yangu Christa anatembea barabarani akiimba, "Ndiyo, ndiyo, ndiyo, hapana." Mimi ndiye niliyemfundisha. Katika mafundisho ya ubatizo mimi ni wa kwanza. Majibu yote nayajua.

Sikutumi ujumbe kwa simu kwa sababu simu ya nyumba ni moja, iko mfukoni mwa Baba, na kila kinachoingia anakisoma kwa sauti mezani. Barua hii inakuja kwa mkono wa Mama Perpétue, anayekuja kununua maharagi kwenu Kalengera. Nimemwambia ni habari za shule.

Usimwambie mtu. Nifanye nini?

Mtoto wako,
Alliance


Kalengera
Tarehe 6 mwezi wa saba 2025

Alliance, mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nachambua maharagi, halafu nikaacha maharagi nikaisoma tena.

Mimi nilizaliwa kabla yako. Msichana aliyemaliza shule, mtoto wa shemasi, wa kwanza katika mafundisho, hakimbii maji bila sababu. Tangu nilipoanza kusali hapa nimeona wasichana watatu wakirudi nyuma juma la mwisho. Wa kwanza alijifungua Noeli. Wa pili alijifungua Pasaka. Wa tatu alitoroka na fundi wa pikipiki. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na shida ya macho.

Basi tuache habari ya macho. Kijana anaitwa nani? Ni mtoto wa nani? Anasali wapi? Kama mambo yamekwisha kuharibika, njoo huku kabla mama yako hajaona. Sitakupiga. Nitakufokea siku moja, halafu nitakupikia.

Sijamwambia mtu.

Mama mudogo wako,
Léonie


Goma, Majengo
Tarehe 13 mwezi wa saba 2025

Mama Mudogo,

Hakuna kijana.

Mama naye amefikiri kama wewe, bila mtu kumwambia chochote. Jumamosi moja sikwenda kwenye mafundisho. Jumatatu akaniambia nina malaria. Nikamwambia sina homa.

"Malaria ya siku hizi haina homa," akasema. "Vaa viatu."

Kule dispensari muuguzi hakunitoboa kidole. Alinipa kikopo. Tulisubiri jibu tumekaa bega kwa bega, Mama akitazama ukuta. Jibu lilipotoka alisema "Aksanti Mungu" kwa sauti iliyowafanya wagonjwa wote wageuke, na njiani akaninunulia mandazi. Hatujazungumza tena habari ya malaria.

Nimefikiri sana kwa nini nyinyi wawili mmeona kitu kimoja. Nadhani ni kwa sababu katika kanisa letu dhambi ina njia yake. Msichana akipata mimba anasimama, anaungama, anakaa nyuma miezi kadhaa, halafu anarudishwa mezani kwa Bwana. Kila mtu anajua amweke wapi. Lakini mtu asiyejua kama anaamini hana benchi lake.

Aliyenipa shida hii ni Mwalimu Wenceslas anayetufundisha, ingawa hajui. Alitueleza kwamba Wabatisti wa zamani walifungwa, na wengine walifia gerezani, kwa sababu walikataa mfalme awaamulie jinsi ya kusali. Akasema ndiyo maana hatubatizi watoto wachanga. "Hakuna mutu anaweza kuamini pa nafasi ya mwingine," alisema. "Hata baba, hata muchungaji, hata serikali. Imani hairithiwake kama shamba."

Christa akauliza, "Sasa Mwalimu, mutu akikatala kabisa?"

"Tutamuombea, na tutamuachia mulango wazi. Hatutamukokota."

Wenzangu waliandika. Mimi sikuandika, nilikuwa nasikiliza.

Tatizo lingine limekuja Jumapili hii. Papa Kambere, shemasi anayeuliza maswali kila mwaka, ni mgonjwa. Wametangaza kwamba mwaka huu atakayeuliza ni Baba. Kwa hiyo Baba mwenyewe ataniuliza mbele ya watu wote kama kuna mtu amenilazimisha. Nikisema hapana, nitakuwa nimemdanganya Mungu nisiyejua kama yupo, na naona hilo ni baya zaidi kuliko kumdanganya mtu ninayemjua. Nikisema ndiyo, Baba atatoka kwenye benchi la mbele. Shemasi ambaye nyumba yake haimfuati hawezi kukaa pale, imeandikwa.

Alliance


Kalengera
Tarehe 22 mwezi wa saba 2025

Alliance,

Nisamehe habari ya kijana. Msamehe na mama yako. Mimi naye tulilelewa na mama mmoja, na mama yetu alikuwa akitutazama tumbo kila asubuhi kabla ya kutusalimia.

Sasa nisikilize. Mabenchi yote ya kanisa lenu baba yako ndiye aliyeyatengeneza kwa mikono yake, na alisubiri miaka mingi kabla ya kuitwa mbele. Usimuondoe pale kwa neno moja. Watu wa Goma wamekwisha kupoteza vitu vingi tangu vita ilipoingia mjini mwezi wa kwanza. Yeye sifa yake ndiyo imebaki. Wako walioingia majini bila kujua, wakaja kujua baadaye. Maji ni maji. Sema hapana, ingia, toka, jifute. Hakuna atakayepasua kifua chako kutazama ndani.

Nimekupa shauri la amani. Sijui kama ni shauri zuri. Barua hii uichome jikoni.

Léonie


Goma, Majengo
Tarehe 29 mwezi wa saba 2025

Mama Mudogo,

Barua nimeichoma. Nitafanya ulivyosema.

Kanzu nyeupe imekwisha kushonwa, imenibana kidogo mabegani. Bidoni langu la maji nimelisugua kwa mchanga. Unajua bomba la Majengo linatoa maji siku linapotaka, kwa hiyo hapa birika la ubatizo tunalijaza sisi wenyewe. Siku moja kabla, kila atakayebatizwa anakuja na maji yake kichwani.

Nafanya mazoezi ya kusema hapana nikiwa peke yangu. Sasa linatoka vizuri. Jana nililisema mara nyingi mpaka likawa kama jina la mji nisioujua. Mama anasema nimetulia siku hizi, na Baba anafurahi.

Sitakusumbua tena na jambo hili.

Alliance


Kalengera
Tarehe 3 mwezi wa nane 2025

Shemeji Ferdinand,

Amani iwe kwako na kwa dada yangu Rosine. Mama Perpétue ameniambia kwamba mwaka huu wewe ndiye utakayewauliza wabatizwa maswali. Hongera.

Habari hiyo imenikumbusha siku ulipofika kwetu mara ya kwanza. Ulikuwa na miaka kumi na tisa na godoro lililolowa kichwani. Marehemu baba yetu alikuuliza mlangoni, "Kijana, walikufukuza juu ya kuiba?" Ukamjibu, "Hapana, papa. Juu ya kusali."

Ulitueleza kwamba baba yako, muzee Cirimwami, alikuwa katekista wa Wakatoliki huko Masisi, mtu mwema ambaye hakuwahi kukuinulia mkono. Ulipomwambia unataka kubatizwa kwa Wabatisti, alitoa godoro lako nje katika mvua, akasema nyumba yake ina mlango mmoja na kanisa moja. Wewe ukamjibu, "Papa, nikibaki kwako, nitakuwa nasali na kinywa chako." Mimi nilikuwa mtoto mdogo, nilicheka kwa sababu ya godoro. Rosine hakucheka. Labda ndiyo maana ulimwoa yeye.

Najua hujawahi kuwasimulia watoto wako habari hiyo. Ni haki yako, na mimi sitawasimulia. Simsemi mtu yeyote hapa. Nakuomba tu kitu kimoja kama mdogo wako: ukifika kwenye swali la nne, usisome karatasi tu. Mtazame yule anayejibu.

Maharagi kilo chache yanakuja pamoja na barua hii. Yaloweke kwanza, ni magumu.

Shemeji yako,
Léonie


Goma, Majengo
Tarehe 11 mwezi wa nane 2025

Kwa Shemeji Léonie,

Amani ya Bwana. Maharagi yamefika, na barua pia.

Hapa sote ni wazima, isipokuwa Alliance ana kikohozi. Kwa sababu ya kikohozi hicho, na kwa kuwa maji ya birika ni baridi, tumeona asibatizwe mwaka huu. Ibada ya maswali ilikwenda vizuri. Mimi nimeomba kupumzika kidogo katika kazi ya ushemasi, maana kazi ya mbao imekuwa nyingi.

Habari ulizokumbuka ni za zamani. Godoro lilikauka.

Ni mimi,
Ferdinand


Goma, Majengo
Tarehe 18 mwezi wa nane 2025

Mama Mudogo,

Sina kikohozi. Baba alisema mezani kwamba amekuandikia kuhusu kikohozi changu, akanitazama kwa muda, basi nikakohoa.

Nakueleza ilivyokuwa, kwa sababu najua yeye hakukueleza.

Niliitwa baada ya Christa. Christa alijibu haraka hata watu wakacheka. Mimi nilijibu maswali matatu vizuri, kwa sauti ndogo, na Baba aliyasoma kutoka kwenye karatasi bila kuinua kichwa. Alipofika la nne alivua miwani. Alinitazama kama anavyotazama ubao kabla ya kuukata. Halafu akauliza, polepole, "Kuna mutu amekulazimisha kuja kwenye maji haya?"

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi lile neno, Mama Mudogo. Lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilipomwona ananitazama hivyo, halikutoka, na lile lingine pia halikutoka. Nilisimama tu. Watu walianza kukohoa. Mchungaji akaniambia, "Jibu, mama, usiogope, ni papa yako."

Ndipo Baba akasema, "Muchungaji, hii swali nitaijibu mimi. Iko mutu. Ni mimi."

Halafu akakaa.

Mchungaji aligeuza karatasi kutazama upande wa pili. Hapakuwa na kitu. Akasema, "Kila mwaka tunaulizaka. Hakuna siku mutu alijibu hivi." Kwenye mabenchi ya akina mama mmoja akamwambia jirani yake, na akadhani ananong'ona, "Sasa tumejua. Iko na ya miezi ngapi?" Hapo Mama akasimama. Mama, ambaye hata tangazo la kwaya anashindwa kulisoma. Akasema, "Mutoto wangu hana mimba! Tulimupima!"

Nilitamani mawe ya volkano yaliyo chini ya kanisa yafunguke.

Mwalimu Wenceslas peke yake ndiye aliyenyoosha mkono. Alisema, "Swali lilikuwa la kweli, na jibu pia ni la kweli. Tumuache mutoto akae." Basi nikakaa, na Mchungaji akamwita anayefuata.

Baada ya ibada mashemasi walibaki ndani na Baba. Christa alisikiliza dirishani. Anasema wengine walisema Baba amekosa kwa kumlazimisha mtoto, na wengine walisema amekosa kwa kuacha kumlazimisha. Wote walikubaliana atoke mbele mpaka mwaka kesho. Hakuomba kupumzika. Kazi ya mbao pia si nyingi. Tangu mwezi wa tano ametengeneza meza moja tu.

Mama hakuzungumza na Baba juma zima, na mimi hakuzungumza nami siku tatu. Watu wa barabara yetu bado wananitazama tumbo. Nimeamua niwaache watazame, litajibu lenyewe.

Jumamosi asubuhi, siku ya kujaza birika, nilichukua bidoni langu. Sikujua kama naruhusiwa, lakini maji nilikuwa nimekwisha kuyachota. Barabarani nikasikia hatua nyuma yangu. Alikuwa Baba na bidoni jingine begani, anatembea taratibu kwa sababu ya mawe. Tulikwenda pamoja. Karibu na kanisa akasema, "Babu yako alitupa godoro langu inje. Mvua ilikuwa inanyesha." Nilisubiri aendelee. Hakuendelea. Kama unajua habari ya godoro hilo, siku moja uniambie. Nilifikiri babu alikuwa mtu mwema.

Tulimwaga maji yetu birikani. Mashemasi walikuwa wamesimama pale. Hakuna aliyetuzuia na hakuna aliyetusaidia.

Jana, siku ya ubatizo, Baba alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na mimi pamoja naye. Mabenchi ya nyuma hakuyapiga randa vizuri, kwa sababu wakati ule bidii yake yote ilikuwa kwa yale ya mbele. Alirudi nyumbani na kibanzi kwenye suruali. Mama alipokuwa anakitoa, akamwambia, "Sasa umeonja kazi yako, fundi." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwake tangu ile Jumamosi. Baba alicheka mpaka akashika ukuta.

Limebaki jambo moja, na ndilo sababu ya barua hii.

Christa alipotoka majini, alikuwa anatetemeka na anacheka, na kanzu imemganda. Nilijua kwamba katika maji yanayomtiririka yako na ya bidoni langu. Watu waliimba, halafu Mchungaji akasema tuombe. Baba alifunga macho kama kawaida yake. Nilimtazama. Halafu nikafunga yangu, na sikuyafungua mpaka mwisho.

Sikuona kitu, wala sikusikia kitu. Sijui ilikuwa nini, na labda haikuwa kitu. Lakini hakuna aliyeniambia niyafunge.

Nakuomba, Mama Mudogo, usimwambie Baba. Akijua, atafurahi sana, na furaha yake ina nguvu kuliko amri yake. Itanisukuma tena. Ukikutana naye, muulize kikohozi changu kinaendeleaje, na atakachokujibu ukikubali.

Alliance